Mjomba Awajibu Wasomaji: Mapovu ya Waini, Bei Yake na Kazi Iliyofichika Chupani

Toleo lililopita niligusia kidogo tu viwanda vidogo vinavyotengeneza waini ya mapovu kwa njia ya jadi, ile ya kuchachusha mara ya pili ndani ya chupa yenyewe, nikasema watu hao wanastahili heshima kuliko wanayopewa. Kumbe nimechokoza nyuki. Jumbe zimeingia kutoka Nyali mpaka Kaloleni, wengine wanauliza, wengine wanabisha. Hizi hapa baadhi na majibu yake.

Mjomba shikamoo. Mie ni weita kwenye hoteli moja hapa Nyali. Kwenye menyu yetu kuna chupa mbili za mapovu, moja bei yake ni mara nne ya mwenzake, na wageni wakiniuliza kwa nini nabaki kutabasamu tu. Kwani mapovu si mapovu? — Weita, Nyali

Marahaba mwanangu. Swali zuri sana na nashukuru umeuliza wewe unayeshika chupa kila siku, manake mabosi wengi wanaweka bei tu halafu wanakuacha wewe mezani na mgeni.

Mapovu yanaingia kwenye waini kwa njia tofauti. Ya rahisi kabisa ni kuchukua waini ya kawaida na kuisukumia gesi, ndivyo soda inavyotengenezwa, asubuhi inaingia jioni imeshapakiwa. Ya pili ni kuichachusha waini mara ya pili kwenye tangi kubwa la chuma lililofungwa kisha inatiwa chupani ikiwa na gesi yake, Prosecco nyingi za Italia ziko hivyo na ni vinywaji vizuri tu, vina harufu ya matunda, mie sina ugomvi navyo. Ya tatu ndo hiyo ya jadi, na bila shaka ile chupa yenu ya bei kali ni ya huko.

Sasa sikiza kinachofanyika. Zabibu zinachumwa mapema kabla hazijaiva sana, ukali (ule uchachu wake) bado uko juu na sukari iko chini. Inatengenezwa waini ya kwanza ambayo haina povu hata moja, pombe yake asilimia 10 au 11 hivi, na ukiionja utakunja uso. Waini hiyo inatiwa chupani pamoja na hamira na sukari, sukari yenyewe kama gramu 24 kwa kila lita, chupa inafungwa na kizibo cha chuma kama kile cha soda halafu inalazwa gizani kwenye baridi. Hamira inaila ile sukari, inaongeza pombe kidogo na inatoa gesi, na gesi haina pa kutokea kwa hivyo inajikamulia ndani ya waini. Kila gramu 4 za sukari zinaleta karibu atmosfia 1 ya presha, so hizo 24 zinakupa kama 6. Tairi ya gari ndogo ina 2 na kitu. Ndo maana chupa zile ni nene na nzito vile, nyingi zinapita gramu 800 zikiwa tupu.

Baada ya wiki kadhaa hamira inakufa inatua chini, inakuwa mashapo, na hapa ndipo pesa za mgeni wako zilipolala. Yale mashapo hayatolewi. Yanaachwa humo humo miezi na miaka yakivunjika pole pole, yanaipa waini harufu ya bofulo lililotoka tanurini sasa hivi, saa nyingine njugu, na yanaufanya ule ukali wa mwanzo utulie. Champagne ya Ufaransa kisheria haiuzwi kabla ya miezi 15 tangu itiwe chupani, na 12 kati ya hiyo iwe juu ya mashapo, na ile yenye mwaka kwenye lebo ni miaka 3. Cava ya Uhispania angalau miezi 9, Franciacorta ya Italia 18, Cap Classique ya Afrika Kusini 12. Wengi wazuri wanapitisha hapo mbali sana.

Halafu yatolewe vipi mashapo bila kumwaga waini na gesi yote? Chupa zinachomekwa shingo kwenye vibao vilivyoegemeana, matundu 60 upande huu na 60 upande ule, na kila siku fundi anapita anazizungusha kidogo, robo ya duara au hata chini ya hapo, huku kila siku akiziinua kitako zaidi, wiki 4 mpaka 6, hadi chupa isimame kichwa chini na uchafu wote ukusanyike kwenye kizibo. Kazi hiyo ilianzia nyumba ya waini ya mjane Clicquot kule Reims, Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 19. Siku hizi viwanda vikubwa vina mashine inayobeba chupa 504 kwa mpigo na kumaliza kwa wiki moja hivi, lakini wadogo wengi bado wanatumia mikono.

Mwisho shingo ya chupa inatumbukizwa kwenye maji ya baridi kali, kama nyuzi 25 chini ya sufuri, mashapo yanaganda. Nilisimama karibu na fundi mmoja kule Franschhoek, Afrika Kusini, akiifanya hii kazi kwa mkono, ameishika chupa kwa kuilaza kidogo, akakibandua kizibo na papo hapo akaiinua na kuziba mdomo kwa dole gumba, kipande cha barafu cha rangi ya kahawia kimeruka kikagonga pipa pwaa, na waini iliyopotea haikujaza hata kijiko cha chai. Anainusa, anaitazama kwenye taa, anaipitisha kwa mwenzake ajazie palipopungua na waini yenye sukari kidogo. Kila chupa. Moja baada ya nyingine mpaka jioni.

Hiyo sukari ya mwisho ndo inayoandikwa kwenye lebo, na hili wewe kama weita ulishike sana: "Brut" ni chini ya gramu 12 kwa lita, "Demi-Sec" ni kati ya 32 na 50. Mgeni akikwambia anapenda tamu ukampelekea Brut atairudisha, na "Extra Dry" isikuchanganye, hiyo ina gramu 12 mpaka 17, ni tamu kuliko Brut.

Kwa hivyo kesho mgeni akikuuliza mwambie hii chupa yalitengenezwa mapovu yake humu humu ndani na imelala miezi mingi kabla ya kuuzwa, ile nyingine haikupitia kazi hiyo. Inatosha. Na tafadhali usiziite zote shampeni mbele ya mgeni, jina hilo kisheria ni la wilaya ya Champagne tu, hata Wafaransa wa wilaya nyingine hawaruhusiwi.

Mjomba, sisi ni vijana wa Kisauni. Mwenzetu alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha waini ya mapovu kule Afrika Kusini na sa hii amerudi. Tunataka kuanzisha chetu hapa hapa Mombasa, tutengeneze hiyo njia ya jadi peke yake, chupa elfu kumi kwa mwaka, soko letu ni mahoteli kuanzia Diani mpaka Watamu. Watu wanatuambia tumerogwa. Wewe waonaje? — Vijana wa Kisauni

Hamjarogwa wanangu. Nimeisoma barua yenu mara mbili na nimefurahi, na kwa sababu nimefurahi nitawaambia ukweli wote.

Kutengeneza kitu kimoja tu ni wazo zuri, mie naliunga mkono. Afrika Kusini yenyewe ilianza na nyumba moja, Simonsig kule Stellenbosch, ndo waliotengeneza chupa ya kwanza ya namna hii mwaka wa 1971, na leo kuna nyumba kama Colmant ya Franschhoek ambazo hazitengenezi kitu kingine isipokuwa mapovu ya jadi. Mashine ya kukamulia inachaguliwa kwa kazi hiyo, zabibu zinapandwa kwa kazi hiyo, mafundi wanaijua kazi hiyo tu. Ukichanganya na waini nyekundu sijui na brandi, mapovu ndo yanakuwa ya kwanza kusukumwa kando kwa sababu ndo yanayochelewa kulipa.

Na hapo kwenye kuchelewa ndipo wengi wanapozama. Hebu tupige hesabu pamoja. Chupa moja inataka kama kilo 1.2 za zabibu, kwa hivyo chupa 10,000 ni tani 12. Tuseme mmevuna Februari. Waini ya kwanza mnaitia chupani katikati ya mwaka, mnaiacha juu ya mashapo miezi 12, hapo ni katikati ya mwaka wa pili, mnaisafisha, mnaiacha ipumzike miezi michache baada ya kutiwa koki, ndo sasa Disemba ya mwaka wa pili mnampelekea mteja wa kwanza. Lakini Februari ya mwaka huo wa pili mlikuwa mmeshavuna tena! Mmeshanunua tani nyingine 12, chupa nyingine 10,000, na mishahara ya watu, na shilingi moja haijaingia. Na mvuno wa tatu uko mlangoni. Mkienda benki na mpango unaosema mtaanza kulipa mwaka wa kwanza basi mmejifungia wenyewe, na mtakuja kushawishika kuzitoa chupa mapema miezi 6 tu ili mpate hela, na mkifanya hivyo mmeua kile kile mlichokuwa mnauza. Afadhali mwanze na chupa 1,000 mzikalie mpaka zikomae kuliko 10,000 za haraka.

Mikono nayo ina hesabu yake. Seti moja ya vibao ni chupa 120. Mkiwa na seti 10 mna chupa 1,200 kwa awamu, awamu moja wiki 6, mwaka mzima awamu 8, jumla 9,600. Inakaribia pale mlipotaka, kwa hivyo mashine ya kuzungusha hamuihitaji kabisa, mnahitaji mtu mmoja mwenye mkono mtulivu asiyekosa kazini.

Sasa hili la Kisauni. Hapana. Nawapenda na mtaa naupenda lakini kiwanda kisiwe Kisauni. Mombasa ni joto mchana na usiku, na joto linaumaliza ule ukali wa zabibu ambao ndo uti wa mgongo wa hii waini, na hata mkizileta zabibu kwa lori kutoka kwingine zitafika zimepondeka zimeanza kuchacha njiani. Zabibu za kazi hii zinachumwa asubuhi mapema, zinabebwa kwenye kreti ndogo ndogo, zinakamuliwa zikiwa nzima na vikonyo vyake bila kuchelewa, manake mara nyingi mnatumia hata zabibu nyeusi kama Pinot Noir na mnataka maji yake meupe bila kuchukua rangi ya ganda. Kwa hivyo mashine ya kukamulia ikae shambani. Naivasha iko juu ya mita 1,800, usiku ni baridi, na zabibu za waini zinalimwa, watengenezaji wa waini ya Leleshwa wanatoka huko. Dodoma kwa jirani zetu wanavuna mara mbili kwa mwaka na wana Chenin Blanc, zabibu nyeupe ambayo inashika ukali wake vizuri ikichumwa mapema. Nendeni mkaongee na wakulima wa huko kabla ya kununua hata pipa moja.

Mombasa iwe soko lenu na ghala la kuuzia. Kulaza chupa zaidi ya mwaka kwenye nyuzi 10 mpaka 12 hapa kwetu ni kupambana na jua kwa bili ya stima, na stima ikipotea siku mbili mwezi wa Machi mmeharibu kazi ya miezi.

Msijaribu kuokota chupa za waini za kawaida mahotelini mkazitumia tena, nawasihi. Zamani kule Champagne mafundi walivaa barakoa za chuma wakiingia ghalani kwa sababu chupa zilikuwa zinapasuka na kupasua zenzake, na hizo zilikuwa za kutengenezwa makusudi. Sukari ya kuchachushia ipimwe kwa mizani na waini ya kwanza ipimwe sukari iliyobaki, msikadirie kwa kikombe.

Karatasi nazo zianze mapema, leseni ya kutengeneza kutoka KRA (watu wa kodi) na stempu zao, alama ya KEBS (watu wa viwango), leseni ya kaunti mtakayokuwa. Huyo mwenzenu aliyerudi ndo mtaji wenu mkubwa, mpeni hisa.

Ami, mie baba yangu ni mgema huku Kaloleni. Nimesoma habari za chupa kuchachuka mara ya pili nikawaza mnazi wetu mbona una povu lake la asili, hauwezi kufungwa kwenye chupa hivyo hivyo ukauzwa kwa watalii? — Mwana wa mgema, Kaloleni

Swali hili nimelipenda kuliko yote, mwanangu.

Mnazi unaanza kuchacha ukiwa bado juu mtini, kwenye kibuyu, hamira ya hewani na iliyobaki kwenye chombo inaushukia saa ile ile, so ukishushwa asubuhi tayari una pombe na una gesi. Tofauti na zabibu ni hii, humo mnazini hamira haiko peke yake, kuna bakteria pia, na hao wanaendelea kuigeuza pombe kuwa siki. Ndo maana mnazi wa asubuhi na wa kesho yake jioni ni vinywaji viwili tofauti. Waini ya zabibu inajilinda kwa ukali wake na kwa pombe asilimia 10 na zaidi, na bado watu wanaisafisha na kuichunga kabla ya kuifunga. Mnazi pombe yake iko chini zaidi na sukari bado imebaki nyingi, ukiufunga mbichi kwenye chupa ya kioo kazi haisimami, hujui itafika presha gani, na chupa inaweza kumpasukia mtu usoni. Usifanye hivyo hata kwa majaribio jikoni kwenu.

Kwa nadharia mtu anaweza kuuchuja, kuua bakteria, kuacha sukari yote iishe, halafu kuongeza sukari iliyopimwa na hamira safi na kuulaza. Hiyo ni kazi ya maabara na mtaji, na unaweza kukuta ile ladha yetu imeshapotea njiani. Kwa maoni yangu kitu cha kuuza kwa watalii ni mnazi freshi wa siku ile ile, unywewe hapo hapo chini ya mti kwa mrija, baba yako akiwaonyesha anavyopanda na anavyogema. Na ule unaobaki, mama auze siki ya mnazi kwenye chupa safi yenye lebo, wapishi wa mahoteli wanaitafuta.

Assalaam aleikum Mjomba. Tuna harusi Mji wa Kale, bibi harusi anataka picha za kufungua chupa ya mapovu lakini sisi hatutumii pombe. Kuna hiyo ya jadi isiyo na pombe? — Dada wa bibi harusi

Waaleikum salaam binti yangu, na hongereni. Jibu ni hakuna, kwa sababu kitu kinacholeta mapovu kwenye njia ya jadi ndo hicho hicho kinacholeta pombe, haviachani. Zile zinazoandikwa zimeondolewa pombe zilikuwa waini kwanza, na nyingi bado zina mpaka asilimia 0.5, kwa hivyo hilo mlipeleke kwa sheikh wenu. Mnachotaka nyinyi ni juisi ya zabibu iliyotiwa gesi, ambayo haijawahi kuchachuka, inauzwa supamaketi na ziko zenye chupa ya koki na waya vile vile. Someni lebo iandikwe juisi. Picha itatoka sawa sawa, na wageni wapeni sharubati ya ukwaju baridi, ndo watakayoiulizia.

Mjomba naendesha duka la vinywaji Mtwapa. Nilipanga chupa za mapovu dirishani zinapendeza, sasa mbili zimevuja na wateja wanalalamika nyingine ukifungua zinamwagika nusu. Nimeuziwa feki? — Mama duka, Mtwapa

Pole mamangu. Sidhani ni feki, ni dirisha. Presha ya mle ndani inapanda na joto, chupa iliyokaa juani Mtwapa saa nane mchana ina nguvu nyingi zaidi kuliko ilivyotoka kiwandani, koki inasukumwa, waini inapenya. Na mwanga wenyewe unaiharibu, hasa ya chupa nyeupe isiyo na rangi, inapata harufu ya kabeji iliyochemshwa. Zitoe leo, uweke dirishani makopo matupu au picha, chupa zikae nyuma ndani ya katoni zake chini sakafuni kwenye kivuli, au kwenye kile chumba chenye eisi kama unacho. Usiagize nyingi kwa mpigo.

Ya kumwagika ni kwa sababu wanafungua ya moto na iliyotikiswa kwenye bodaboda. Wauzie baridi, masaa matatu manne kwenye friji, au nusu saa kwenye ndoo ya barafu iliyotiwa na maji pia, barafu tupu haiigusi chupa yote. Iwe nyuzi 6 mpaka 10. Friza hapana, inaweza kupasuka. Na waelekeze kufungua: wavue karatasi, walegeze waya kwa nusu mizunguko sita huku kidole gumba kimeshakaa juu ya koki na kisitoke hapo, chupa ilale kidogo ielekee mahali hakuna mtu wala taa, halafu wakamate koki na wazungushe CHUPA, sio koki. Watu wameumia macho kwa kupuuza hili.

Zile mbili zilizovuja mpigie aliyekuletea umwonyeshe na namba ya loti iliyo kwenye lebo au kwenye chupa yenyewe, manake kama ni za loti moja na hazikukaa dirishani muda mrefu huenda zilipigwa jua kwenye lori kabla hazijakufikia, na hapo wa kulipa ni yeye.